Mumbai kwa siku za wiki

Waswahili wengi wanaotua Mumbai hawaji kutembea. Wanamsindikiza mgonjwa hospitalini, au wanafuata vitambaa na vipuri, na jioni wanarudi gesti kungoja kesho. Katikati ya vipimo na majibu huwa kuna siku tupu, na nje ya mlango kuna mji uliokuwa na watu 12,442,373 kwa sensa ya 2011. Safari hii imepangwa kwa siku za wiki kwa sababu Mumbai kila jamii ina siku yake na saa yake. Jumanne ni ya mungu Ganesh wa Wahindu, Jumatano ni ya kanisa la Mahim, Ijumaa soko la mitumba hubadilika sura, Jumamosi sinagogi halipokei watalii, Jumapili reli hukatwa kwa matengenezo. Anayekwenda kichwa kichwa huishia mbele ya mlango uliofungwa au kwenye foleni ya nusu siku.

Machache kabla ya kuondoka. Anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo awe na kadi ya homa ya manjano, na chanjo iwe imetimiza siku 10. Asiye nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Mumbai iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Miezi mizuri ni Novemba hadi Februari. Juni hadi Septemba ni mvua za kusi, na si za mchezo: tarehe 26 Julai 2005 zilinyesha milimita 944 kwa siku moja. Mvua kubwa ikikutana na maji ya bahari yaliyojaa, mifereji haina pa kumwaga, na mitaa ya chini kama Hindmata hugeuka ziwa. Kuhusu pesa, wenyeji wanalipa kila kitu kwa simu, hata kikombe cha chai, kwa hiyo chenji ni adimu. Tembea na noti za rupia 10, 20 na 50.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Mbao za stesheni zinaandika kwa mtindo wa saa 24.

Jumatatu: Churchgate na Fort

Anza na treni, maana bila treni hakuna Mumbai. Reli ya Western inaanzia Churchgate. Central na Harbour zinaanzia CSMT, ile stesheni ya mawe na minara iliyojengwa na Waingereza na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2004. Ubao wa jukwaani unaonyesha mambo manne: kifupi cha stesheni ya mwisho, saa, herufi S au F, na nambari 12 au 15. S husimama kila stesheni, F huruka nyingi, na nambari ni idadi ya mabehewa. Hiyo nambari usiipuuze, kwa sababu ndiyo inayokuambia behewa lako litasimama wapi jukwaani, na treni haikai hata dakika moja.

Asubuhi watu wote wanateremka kusini kwenda kazini, jioni wanapanda kaskazini. Mgeni apande kinyume chao, au asubiri saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Behewa la wanawake ni la wanawake kweli, mwanaume akiingia anatozwa faini. Lipo pia behewa la wachuuzi, la wenye vikapu vya samaki na mafurushi ya maua, ambamo asiye na mzigo hana ruhusa. Benchi la watu watatu hukaliwa na wanne. Wa nne anakaa nusu makalio, na hakuna anayelalamika. Kosa la kawaida la wageni ni kudandia treni ya haraka ya Virar saa za jioni kwa sababu inapita Bandra au Andheri. Abiria wa Virar wana safari ndefu na hawampendi mtu wa kushuka njiani, hivyo mlango hutaupata. Panda inayoishia karibu na unakokwenda. Na stesheni moja kabla ya yako uwe umeshasogea mlangoni.

Saa 5:30 asubuhi simama nje ya Churchgate, upande wa barabara. Hapo madabawala wanapanga chakula cha ofisi za kusini mwa mji. Kazi hii ilianza karibu 1890, na waanzilishi wake walikuwa wakulima wa wilaya ya Pune. Hadi leo wengi ni wa vijiji vilevile, wamevaa kofia nyeupe, na ni waumini wa mungu Vitthal wa Pandharpur. Asubuhi kila mmoja anakusanya nyumbani kwa wateja wake makopo ya chuma yenye vyumba vitatu au vinne vilivyopandana, mke au mama akiwa ameshapika. Anayafikisha stesheni ya mtaani, yanapangwa, yanapakiwa kwenye treni, yanashushwa Churchgate, yanapangwa tena, kisha wengine wanayasukuma kwa baiskeli au mikokoteni hadi ghorofani. Kopo moja hupita mikono ya watu watatu au wanne, na kufikia saa 7 mchana liko mezani. Alasiri linarudi lilikotoka, tupu.

Siri iko kwenye kifuniko. Hakuna jina wala anwani, kuna rangi na alama chache. Herufi za stesheni linakotoka. Nambari kubwa katikati, ambayo ni eneo la kushushia. Kisha nambari ya mbebaji wa mwisho, kifupi cha jengo, na ghorofa. Mtu wa Vile Parle, kopo linakotoka, hahitaji kujua jengo, na mtu wa Nariman Point, linakokwenda, hahitaji kujua nyumba. Kila mkono unasoma kipande chake tu, ndiyo maana asiyesoma sana anaimudu kazi. Kinachoiharibu ni mteja: akichelewesha kopo dakika kumi, trei nzima la makopo 40 linakosa treni yake. Mteja wa namna hiyo huonywa mara chache, halafu huachwa. Usiombe kupiga picha katikati ya kupanga. Wana kama nusu saa tu, na trei lililojaa hupita kilo 60 likiwa kichwani mwa mtu.

Mchana kuna migahawa ya Wairani. Wenyewe ni Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, waliotoka Iran katika karne ya 19 na ya 20, tofauti na Waparsi wa dini hiyohiyo, ambao mababu zao walifika Gujarat zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kyani upo tangu 1904, Britannia wa Ballard Estate tangu 1923. Agiza chai na mkate wa siagi, chovya mkate kwenye chai, ndivyo wanavyokula. Britannia wana pilau yenye zereshki, zile punje nyekundu chachu za Iran. Ni ya mchana tu, usiiendee usiku.

Sinagogi la Keneseth Eliyahoo, la 1884, lipo Kala Ghoda, humu humu Fort, rangi ya buluu. Beba pasipoti yenyewe, si nakala, kwa sababu ulinzi umekazwa tangu mashambulizi ya Novemba 2008. Jumatatu ni siku nzuri. Jumamosi ni ya ibada peke yake.

Jumanne: wavuvi, Ganesh na vada pav

Saa 11 alfajiri uwe Sassoon Dock, gati la samaki la 1875. Wakoli ndio wenyeji wa visiwa saba vilivyounganishwa kuwa mji huu, na kwao bahari ni ya wanaume ila soko ni la wanawake. Mwanamume anashusha samaki. Mwanamke ananadi, anakopesha, anapanga bei. Vaa viatu vya kufunika, sakafu ni maji ya barafu na magamba. Picha ni marufuku bila kibali, maana jeshi la majini ni jirani. Tarehe 1 Juni hadi 31 Julai uvuvi wa mashine hufungwa ili samaki wazae, gati likabaki kimya. Kwa mila bahari hufunguliwa mwezi mpevu wa Agosti, Wakoli wanapotupa nazi baharini.

Samaki wao wa heshima ni bombil, laini, mwenye maji mengi mwilini. Anayemkaanga kama changu ataishia na uji. Wakoli humpasua tumboni, wakatoa mwiba wa kati, wakamlaza kati ya vibao viwili na kuweka jiwe juu kwa karibu nusu saa hadi maji yatoke. Ndipo anapakwa chumvi, manjano, pilipili na ukwaju, anavingirishwa kwenye semolina, na kukaangwa kwa moto mkali, pande zote mbili, bila kumgeuzageuza.

Kutoka hapo panda hadi Prabhadevi, hekalu la Siddhivinayak, lililojengwa 1801. Jumanne ni siku ya Ganesh na foleni huanza usiku wa manane. Asiye na nadhiri aende siku nyingine. Anayetaka kuona imani ya Kimarathi ikiwa imejaa aende leo leo. Viatu unaviacha kwenye kibanda unaponunua maua, na mkoba mkubwa hauingii. Sadaka ni modak: unga wa mchele umekandwa kwa maji ya moto, ndani nazi iliyopikwa na sukari guru, ukabanwa mikunjo juu na kupikwa kwa mvuke.

Lalbaug iko karibu, mtaa wa viwanda vya nguo vilivyokufa baada ya mgomo mkubwa wa 1982. Majengo ya vyumba kimoja kimoja, familia moja kila chumba na choo cha pamoja mwisho wa baraza, bado yapo chini ya maghorofa ya vioo yaliyoota kwenye viwanja vya viwanda. Sanamu ya Ganesh ya mtaa huu husimamishwa tangu 1934, na siku ya 11 huteremshwa baharini Girgaon. Ukija Aprili au Mei utakuta kinamama wanaleta pilipili kavu na viungo vya mwaka mzima kusagisha. Wanakaa pale pale kuangalia hadi gunia lao liishe, kwa sababu hawamwamini msagaji. Wana haki.

Jioni shuka Dadar ule vada pav, donge la viazi la kukaanga ndani ya mkate. Inasemekana iliuzwa kwanza nje ya stesheni hii mwaka 1966, ikawa chakula cha wafanyakazi wa viwanda, kinachoshikwa kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika bomba la treni. Kwa mtu wa pwani ni ndugu wa viazi karai, ila tofauti ni muhimu. Viazi vinachemshwa na maganda na kuachwa vipoe, maana kiazi cha moto kina unyevu, na unyevu ndio unaopasua donge kwenye mafuta. Vinapondwa kwa mkono, vibaki na mabonge. Mafuta kidogo yanapashwa, haradali inatupiwa mpaka ialike, majani ya mchuzi, kisha tangawizi, vitunguu saumu na pilipili mbichi vilivyotwangwa pamoja, manjano, halafu viazi. Madonge yanachovywa kwenye uji mzito wa unga wa dengu. Uji ukiwa mwepesi unateleza na kuacha kiazi wazi. Ukiwa mzito mno unakuwa ganda gumu, bichi ndani. Mkate unapasuliwa bila kuachanishwa, upande mmoja chatne ya kotmiri, mwingine chatne kavu ya kitunguu saumu, nazi na pilipili nyekundu. Pembeni pilipili mbichi iliyokaangwa na kunyunyiziwa chumvi. Nunua penye foleni, si kwa ajili ya sifa, bali kwa sababu mafuta hayapati muda wa kupoa.

Jumatano: Mahim na Dharavi

Kanisa la Mtakatifu Mikaeli, Mahim, lina novena ya Bikira Maria kila Jumatano, na ibada hufuatana tangu asubuhi hadi usiku kwa lugha mbalimbali. Anayeomba jambo huja Jumatano tisa mfululizo. Nusu ya wanaoingia si Wakristo, na hakuna anayeuliza. Nje wanauza nta iliyofinyangwa umbo la haja yako: mguu, moyo, mtoto, nyumba, hata ndege kwa anayetafuta viza. Umbo linawekwa mbele ya picha, halafu hukusanywa na kuyeyushwa. Hapo hapo Mahim lipo kaburi la Makhdoom Ali Mahimi, mwanachuoni aliyefasiri Kurani zaidi ya miaka 600 iliyopita. Hauli yake ya Desemba hufunguliwa na maandamano ya sandali, ule mti wa manukato, yanayoongozwa na polisi wa kituo cha Mahim, sare zao zikiwa mwilini.

Vuka reli uingie Dharavi. Ni eneo la zaidi kidogo ya kilomita 2 za mraba, na kinachowashangaza wageni si umaskini bali kazi. Nenda na mwenyeji wa hapo anayeongoza watu kwa ujira, usipige picha, na usivae kandambili.

Kumbharwada ni mtaa wa wafinyanzi waliotoka Saurashtra, Gujarat. Familia moja ina chumba cha kulala nyuma, gurudumu mbele, na tanuru la pamoja uani. Tanuru linachochewa kwa mabaki ya pamba na matambara ya viwandani, ndiyo sababu ya ule moshi mzito. Vyungu hupangwa, vikafunikwa vigae na majivu. Upepo ukiingia ghafla, vya pembeni vinapasuka. Wakati wa mvua udongo haukauki na kazi inalala, kwa hiyo mapato ya mwaka hutegemea sana miezi ya kabla ya Diwali, wanapofyatua vitaa vya mafuta kwa maelfu.

Upande wa plastiki wengi ni wahamiaji kutoka kaskazini. Mlolongo ni huu: kuchagua kwa aina na rangi, kusaga vipande, kuosha, kuanika juu ya paa, kuyeyusha na kuvuta nyuzi, kupoza kwenye maji, kukata punje za kuuzia viwanda. Mchaguaji mzoefu haulizi mashine. Anakikunja kipande, anasikiliza kinavyoalika, akitilia shaka anakichoma ncha na kunusa. Kipande kimoja cha aina isiyofaa kikipenya, kundi zima la punje linatoka na madoa na bei inaanguka. Ngozi siku hizi inashonwa zaidi kuliko kutengenezwa, kwani sehemu kubwa ya viwanda vya kuchuna na kulainisha vilihamishwa. Kazi hiyo ililetwa na Watamili, Waislamu na Wadaliti (Wahindu wa tabaka la chini kabisa), na ndio mama zao wanaoamka usiku kupika idli, vikate vya mchele vya mvuke, zinazouzwa mitaani asubuhi.

Dharavi ina mradi wa kujengwa upya, uliokabidhiwa kundi la Adani. Mwenye chumba cha chini aliyekuwepo kabla ya tarehe 1 Januari 2000 ameahidiwa nyumba bure palepale. Anayeishi ghorofani, juu ya ngazi ya chuma, hesabu yake ni nyingine. Na mfinyanzi anauliza tanuru litawekwa ghorofa ya ngapi. Ni swali la haki, na ramani za maghorofa hazilijibu.

Alhamisi: Waparsi, Matunga, Haji Ali

Asubuhi Matunga, kwa watu wa India kusini: kahawa ya kuchuja iliyomiminwa kwa kuvutwa juu hadi ifanye povu, idli, dosa. Ukishiba tembea hadi koloni la Waparsi la Dadar, majumba ya ghorofa tatu yenye miti mbele. Mahekalu yao ya moto hayaingiliki kwa asiye Mparsi, hata akiwa mke wa Mparsi, na hakuna haja ya kubembeleza mlinzi. Sensa ya 2011 ilihesabu Waparsi 57,264 India nzima. Zanzibar nao walikuwepo. Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kama Freddie Mercury, alizaliwa huko mwaka 1946.

Maiti zao hawaziziki wala kuzichoma, kwa kuwa ardhi na moto ni vitakatifu. Huziweka juu ya minara ya Malabar Hill ziliwe na tai. Tai wakatoweka katika miaka ya 1990. Ng'ombe walikuwa wakipewa dawa ya maumivu ya diklofenaki, na tai aliyekula mzoga wenye dawa hiyo alikufa kwa figo. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006, lakini tai hawajarudi mjini, na sasa minarani hutumika vioo vya kukusanya joto la jua. Wengine wameamua kuchoma, na ugomvi huo umeingia hadi ndani ya familia. Kwenye sahani nako kuna mpaka: dhansak, nyama na dengu vilivyopikwa pamoja, huliwa Jumapili na siku ya nne baada ya msiba. Harusini haiwekwi kamwe.

Alhamisi jioni ni ya Haji Ali, kaburi la walii lililo baharini, mwisho wa njia ya karibu nusu kilomita. Maji yakijaa njia inafunikwa, aliyeko kisiwani anangoja yapwe. Watu wa pwani hapa hawahitaji kufundishwa. Bamvua ya mwezi mpevu au mwandamo hujaa karibu na saa 6 mchana na saa 6 usiku, kwa hiyo jioni njia iko wazi. Kila siku inasogea kama dakika 50. Wanawake walizuiwa kuingia chumba cha kaburi kwa miaka kadhaa, hadi Mahakama Kuu ya Bombay ilipoamua mwaka 2016 waruhusiwe kama zamani.

Ijumaa: Bhendi Bazaar

Hapa ndipo Mswahili atakapoona sura anazozijua. Mabohora, Makhoja, Mamemoni waliofungua maduka Mombasa, Zanzibar na Bagamoyo walikuwa na ndugu, mabenki na meli zao katika mitaa hii. Tharia Topan, Khoja wa Kutch aliyekusanya ushuru wa forodha Zanzibar na kuanzisha ujenzi wa lile jengo la zahanati lenye roshani pale Mizingani, alifia Bombay mwaka 1891. Kesi iliyowagawa Makhoja, juu ya nani mwenye mamlaka na mali ya jamaa, iliamuliwa na Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 1866, Aga Khan wa kwanza akashinda. Kaburi lake liko Hasanabad, Mazagaon. Mgawanyiko ulioendelea baadaye ndio uliotenga Maismailia na Maithnaasheri hata huku kwetu. Na mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kuja Bombay kurekodi santuri.

Ukitaka santuri au gramafoni, Mutton Street ya Chor Bazaar ndiyo mahali, lakini si leo: Ijumaa maduka yanafungwa, na badala yake alfajiri wachuuzi wanatandaza chini viatu na vifaa vya mitumba. Rudi Jumamosi. Gramafoni yenye tarumbeta ya shaba inayong'aa kama imetoka jana ndivyo ilivyo, imetoka jana. Sanduku jipya limevishwa mashine ya zamani. Fungua mfuniko, zungusha ufunguo, sikiliza springi.

Bhendi Bazaar yenyewe inajengwa upya chini ya wakfu wa Mabohora: ekari 16.5, majengo karibu 250 ya zamani, minara mipya mahali pake. Raudat Tahera, kaburi la Sayyidna Taher Saifuddin, limeachwa katikati. Ndani kuta zote za marumaru zimechorwa Kurani nzima kwa dhahabu. Unaingia bila malipo, kichwa kimefunikwa, viatu nje, na epuka saa ya sala.

Ukialikwa kwa Bohora, kaa chini kwenye mzunguko wa watu wanane kuzunguka sinia moja. Mtoto au kijana atapita na birika na beseni kuwanawisha. Si lazima uinuke. Mnaanza kwa kuonja chumvi, na mnamaliza kwa chumvi. Kitamu hutangulia, kisha kitu cha nyama, kisha kitamu tena au wali, navyo huletwa kimoja kimoja. Kila mtu anakula upande wake. Punje ikibaki ni aibu ya sinia zima, kwa hiyo jipakulie kidogo. Nafasi ikibaki wazi wanangoja mtu wa nane, wala usishangae kukaa na usiyemjua.

Mtaa wa Mohammed Ali Road mwezi wa Ramadhani hulala alfajiri. Miezi mingine hata usiku wa Ijumaa ni wa kawaida. Watu wa hapa wamebanana kwa sababu. Katika ghasia za 1992 na 1993, tume ya Jaji Srikrishna ilihesabu vifo 900, na baada ya hapo familia nyingi za Kiislamu zilihamia Mumbra na Mira Road kutafuta usalama wa wingi. Anayesifia mchanganyiko wa Mumbai bila kulitaja hilo anasimulia nusu.

Jumamosi: Walkeshwar

Siku nyepesi. Walkeshwar, juu ya Malabar Hill, ni ya Wagujarati na Majaini. Bwawa la Banganga lina maji matamu hatua chache kutoka baharini. Majaini hawali kilichong'olewa ardhini, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea na vidudu vyake: hakuna kiazi, kitunguu wala karoti, na wanaoshika sana hawali baada ya jua kuzama. Mikahawa inawajali, hadi pav bhaji yao, ile mboga ya kupondwa inayoliwa na mkate, hupondwa kwa ndizi mbichi. Jambo hilo lina upande wa pili. Yapo majengo yasiyompangishia mla nyama, na mpangishaji hasemi hivyo. Anauliza jina lako, anauliza mnapika nini, kisha chumba kinakuwa kimeshachukuliwa. Mgonjwa na msindikizaji wake watafute nyumba Mahim, Bandra au Byculla, wasipoteze wiki.

Bajaji, kwa njia, haziruhusiwi kusini ya Bandra na Sion. Ukifika huku ni teksi nyeusi na njano kwa mita, au basi.

Jumapili: Janjira

Karibu kila Jumapili reli hufungwa kwa vipande, takriban saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni, na treni hucheleweshwa au huhamishwa njia. Siku hiyo afadhali upite baharini. Kivuko cha magari cha Bhaucha Dhakka, Mazagaon, kinafika Mandwa kwa kama saa moja. Kata tiketi mapema. Kutoka Mandwa kuna barabara ya saa mbili au zaidi kupitia Alibag hadi Murud, na mbele kidogo ni Rajapuri, zinakopandwa mashua za tanga za kwenda ngomeni.

Janjira ni ngome iliyo katikati ya maji, na mabwana zake walikuwa Masidi, watu wenye asili ya Uhabeshi, mabaharia na askari. Wamarathi wa Shivaji na mwanawe Sambhaji waliizingira mara kadhaa wasiipate. Dola yao iliendelea chini ya Waingereza hadi 1948. Lango kuu halionekani mpaka mashua iwe karibu kuligusa, na pembeni mwa mlango kuna mnyama wa jiwe, kama simba, aliyekamata tembo kwa makucha. Ndani kuna mabwawa mawili ya maji matamu, na hayo ndiyo yaliyoifanya isishindike kwa njaa na kiu.

Hawa tusiwachanganye na Waafrika wa karne ya 19, waliouzwa kutoka Kilwa na Zanzibar. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao, akauzwa India akiwa mdogo, akarudi huru na kuongoza misafara ya Burton, Speke, Stanley na Cameron. Wengine waliokolewa baharini na manowari za Kiingereza wakalelewa Bombay na Nashik, na katika miaka ya 1870 baadhi yao wakarejeshwa kuanzisha Freretown, Mombasa.

Ngomeni hakuna kivuli cha maana wala duka la kutegemea, beba maji. Msimu wa mvua mashua hazivuki. Nauli ni ya kwenda na kurudi kwa mashua ileile, na nahodha hutoa kama dakika 45 tu, kwa hiyo anza na mabwawa na mzinga mkubwa wa Kalal Bangdi juu ya ukuta, lango utaliona tena wakati wa kutoka. Saa ya kivuko cha mwisho cha Mandwa iulize asubuhi unaposhuka, kwa sababu kikikuacha, kuzunguka kwa barabara kupitia Pen ni saa nyingi, na foleni ya magari ya Jumapili jioni ya kuingia Mumbai ni ndefu.